Mfungo wa Mulanda: Maandalizi ya Pasaka katika Nchi ya Mpakani

Kila mwaka ifikapo Jumatano ya Majivu, Wakristo wa Mulanda, kama wenzao wa pande nyingine za dunia, huingia katika siku arobaini za kujiweka tayari kwa Pasaka. Mulanda iko katika wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, katika nchi ya Wapadhola, watu wa jamii ya Waluo. Majirani zao ni Waiteso, Wasamia, Wanyole na Wagwere, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Busia ya Kenya, Waiteso na Wasamia wengine, pamoja na Wakhayo. Mpaka huo wenyewe si wa zamani sana. Hadi mwaka 1902 nchi yote kuanzia Naivasha kuelekea magharibi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda.

Katika makala haya hatukusudii kufundisha dini. Hiyo ni kazi ya mapadre na wachungaji. Sisi ni walimu wa lugha, nasi twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba maandalizi haya yana historia ndefu, na kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakijua: *kufunga*.

Maneno ya mfungo

Tukiyatazama maneno ya Kiswahili yahusuyo majira ya Kanisa, twaona kwamba yamekuja kwa njia mbalimbali. *Kwaresima* asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "arobaini". *Pasaka* limetoka katika Kiebrania kwa kupitia Kigiriki. *Toba* na *saumu* ni ya Kiarabu, na Mwislamu na Mkristo wanayatumia bila kunyang'anyana. *Majilio*, yaani majuma yatanguliayo Krismasi, ni letu wenyewe: ni kutoka *kuja*, *kujilia*, *majilio*.

Lakini *kufunga* ndilo neno lenye mzizi mrefu zaidi. Watu wa pwani waliihesabu miezi yao kwa neno hili: baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, hata Mfunguo Tisa. Mwaka wao ulipimwa kwa umbali wake kutoka siku ile mfungo ulipofunguliwa. Kadhalika kitenzi hiki kina maana nyingine ambazo hatuwezi kuzisahau. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga ng'ombe, na mwenye mamlaka humfunga mtu gerezani.

Waganda nao wana neno *okusiiba*. Maana yake ni kushinda mahali mchana kutwa, na pia ni kufunga chakula. Kutokana nalo wakapata *ekisiibo*, neno linalotumika kwa Kwaresima na kwa Ramadhani vilevile. Mwalimu wa Kiswahili hatashangaa, maana nasi twasema *kushinda*, kisha twasema *kushinda njaa*. Lugha hizi mbili zimetazama jambo moja kwa jicho la kidugu: mwenye kufunga ni mtu anayeuvuka mchana mzima huku akijizuia.

Njia ya walimu

Wapadhola hawakungoja wageni waje wawafundishe kwamba yuko Mungu. Walimwomba Were, nao walipambanua Were Madiodipo, Mungu wa uani alindaye nyumba, na Were Othim, Mungu wa porini alindaye wasafiri, wawindaji na wapiganaji. Mwanahistoria Bethwell Ogot ameeleza pia habari za ibada ya Bura, ambayo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Majanga, na jinsi ilivyowaunganisha watu wasiokuwa na mfalme. Kwa hiyo Ukristo uliingia katika nchi iliyokwisha kujua mahali patakatifu.

Ukristo huo ulikuja kwa njia mbili, na zote mbili zimeguswa na Kiswahili. Njia ya kwanza ilipitia Buganda. Mmisionari Alexander Mackay, aliyefika huko mwaka 1878, alianza kuwafundisha watu kusoma kwa vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa maandiko ya Kiganda yalikuwa bado hayajatayarishwa. Waganda watano wa kwanza wa Kanisa la Anglikana walibatizwa tarehe 18 Machi 1882. Mwaka huo Pasaka iliangukia tarehe 9 Aprili, basi ubatizo wao ulikuwa katikati ya Kwaresima. Waumini wapya waliitwa "wasomaji", kwa maana kujiandaa kwa ubatizo na kujifunza kusoma yalikuwa jambo moja.

Njia ya pili ilitoka pwani ya Kenya. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alisafiri kutoka Mombasa na msafara wa wapagazi. Alipofika Mumias aliuacha msafara wake chini ya William Jones, kasisi Mwafrika aliyekuwa amekombolewa utumwani, akaendelea kuelekea magharibi na watu hamsini, akipita katika nchi iliyo jirani na mpaka wa leo wa Busia. Huko Busoga, kwa mtawala Luba, alikamatwa, na baada ya siku nane za kufungwa aliuawa tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Watu wake karibu wote waliuawa pamoja naye. Katika siku zile nane aliandika kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zikaokolewa. Mwishoni mwa mwaka 1892 mifupa yake ilizikwa Namirembe. Tunawaomba wasomaji waukumbuke mwaka huo na kaburi hilo, maana tutayarudia.

Desemba 1893, katika majuma ya Majilio, George Pilkington, mmisionari na mfasiri wa Biblia ya Kiganda, alirudi Mengo kutoka kisiwa cha Kome alikokuwa amejitenga kwa sala. Yeye na wenziwe waliitisha mikutano ya toba, na baada ya hapo walimu wengi Waganda walipelekwa nje ya Buganda kufundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu alipoieneza himaya ya Waingereza huko Bukedi, walimu wa namna hiyo walifuata nyuma yake. Kwa upande wa Wakatoliki, mapadre wa Mill Hill, waliofika Uganda mwaka 1895, waliieneza kazi yao upande wa mashariki. Wengi wa waliofundisha vijijini hawakuwa mapadre wala wachungaji bali walimu, na lugha yao ilikuwa Kiganda. Wapadhola wa kwanza, basi, waliitwa kwenye mfungo kwa lugha ya jirani aliyekuja na bunduki ya Kakungulu mbele na kitabu nyuma. Tusishangae kwamba baadhi yao walikipenda kitabu na wakaichukia lugha yake.

Mfungo na jembe

Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hesabu hiyo, Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na 10 Machi. Katika nchi ya Padhola hayo ndiyo majira ya kulima na kungoja mvua za masika. Wimbi hupandwa, maghala yamepungua, na mavuno mapya yako mbali. Mkulima wa Ulaya aliyefunga Kwaresima zamani alikuwa akitoka katika baridi. Mkulima wa Mulanda anafunga huku ameshika jembe.

Hapa pana swali ambalo kila mhubiri wa vijijini hukutana nalo: mtu ambaye ghala lake limepungua atafunga nini? Jibu ni kwamba tofauti kati ya njaa na saumu ni nia. Kanisa Katoliki huwataka waumini wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kila Ijumaa ya Kwaresima hufanyika Njia ya Msalaba. Majivu yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Shangwe ya mwaka jana ndiyo inayokuwa toba ya mwaka huu. Waanglikana nao, katika kitabu chao cha sala, wamezihesabu siku arobaini kuwa siku za kufunga, ingawa hawakupangiwa aina ya chakula.

Jambo gumu zaidi kuliko chakula ni chungu cha pombe. Katika nchi hizi pombe ya wimbi hunywewa katika chungu kimoja, wazee wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Anayeuweka mrija wake kando kwa siku arobaini anaonekana na wote, na hawezi kujificha. Hata hivyo mtu aweza kuuacha mrija na asimsamehe jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Ndiyo maana sura ya 58 ya kitabu cha Isaya husomwa sana katika majira haya. Nabii anawaambia watu waliofunga chakula huku wakiwaonea vibarua wao kwamba saumu impendezayo Mungu ni kuwafungua waliofungwa. Katika Kiswahili hoja hiyo ina nguvu kuliko katika lugha nyingi, maana kitenzi ni kilekile: afungaye kwa haki humfungua mwenziwe.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikaza neno hilohilo. Ulisema kwamba Kwaresima ina sura mbili, ubatizo na toba, na kwamba toba isiwe ya ndani ya mtu peke yake bali iwe pia ya nje na ya jamii. Hati hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa misa kuadhimishwa kwa lugha za watu badala ya Kilatini. Miongoni mwa maaskofu wa Mtaguso alikuwamo James Odongo, mzaliwa wa Tororo, aliyekuwa askofu wa jimbo hilo mwaka 1968 na askofu mkuu wake wa kwanza mwaka 1999.

Kwaresima ya 1977

Tumefika mahali ambapo maana zote za *kufunga* zilikutana. Dayosisi ya Anglikana ya Bukedi ilikuwa imeundwa mwaka 1972, na askofu wake wa kwanza alikuwa Yona Okoth. Februari 1977 askari wa Idi Amin waliipekua usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Kampala, na siku hizohizo nyumba ya Askofu Okoth huko Tororo ilipekuliwa pia. Maaskofu wa Uganda walimwandikia Amin barua. Walieleza kwamba bunduki iliyotumika kuwapekua viongozi hao wawili ilikuwa imeelekezwa kwa kila Mkristo. Tarehe 16 Februari, siku ya Jumatano, Askofu Mkuu Luwum aliuawa.

Jumatano iliyofuata, tarehe 23 Februari, ilikuwa Jumatano ya Majivu. Huo ulikuwa mwaka ambao Kanisa la Uganda lilijiandaa kuadhimisha miaka mia tangu wamisionari wa kwanza walipofika mwaka 1877. Huko Namirembe kaburi lilichimbwa kando ya lile la Hannington, na Jumapili tarehe 20 Februari maelfu ya watu walikusanyika, lakini maiti haikuletwa. Ilikuwa imepelekwa Mucwini, kijijini kwa Luwum, ikazikwa huko. Waumini walilitazama kaburi tupu siku tatu kabla ya kuianza safari ya kwenda kwenye kaburi tupu la Pasaka. Askofu Okoth naye alikimbilia Kenya, na Wakristo wa Bukedi wakaishika Kwaresima yao bila mchungaji wao mkuu. Okoth alirudi baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda.

Wajibu wetu

Tungekuwa tunajidanganya tukiimaliza habari hii bila kusema neno moja chungu. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile Waganda wengi walikisikia midomoni mwa askari kuliko penginepo. *Fungua mlango. Funga huyu.* Kizazi kizima kiliikwepa lugha yetu kwa sababu hiyo, na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, yaliyoifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, hayawezi kufuta kumbukumbu kwa kalamu tu. Lugha haina hatia, lakini hubeba harufu ya waliokuwa wakiisema. Mwalimu anayefundisha upande wa Tororo na asiyejua jambo hili atawalaumu wanafunzi kwa uvivu, kumbe wanarithi woga wa babu zao.

Dawa yake, kwa maoni yetu, si kuisifu lugha kwa maneno makubwa. Ni kuwaonyesha wanafunzi kwamba kitenzi kilichowafunga wazee wao gerezani ndicho hichohicho ambacho kwacho mama wa Busia hufunga saumu, na ndicho kilichozaa *kufungua* na *mfunguo*. Tunapendekeza walimu wawape wanafunzi kazi ndogo: wakusanye maana zote za *funga* na *fungua* wanazozisikia sokoni, kanisani, msikitini na shambani, kisha waulize nyumbani maneno ya mfungo katika Dhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kiganda, na wayalinganishe.

Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari imekuwa sikukuu ya taifa nchini Uganda kwa kumkumbuka Luwum, nayo kila mwaka huangukia karibu na mlango wa Kwaresima. Mvua za kwanza zinapokaribia, watu wa Mulanda wanasafisha mashamba na kuyaweka majembe tayari. Kwa karne nzima na zaidi wamefundishwa na walimu wa vijijini kwamba moyo nao hulimwa kabla ya kupandwa. Walimu hao ndio babu zetu katika kazi hii, na yafaa tuwakumbuke kila tunapoingia darasani na chaki mkononi.