Safu ya Lugha: Shaba Haichongwi

Wiki hii nimesoma habari ya sanamu ya shaba, kichwa na mabega ya kiongozi, ambayo mwandishi anasema “imechongwa”. La, shaba ya namna hiyo haikuchongwa. Kuchonga ni kuondoa: Mmakonde hupunguza gogo la mpingo kwa tezo na patasi mpaka sura itokee, na kipande kikishakatika hakirudi. Wahenga nao walisema kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Kinyago ni cha mti. Sanamu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao “sanam” ni umbo linaloabudiwa kama mungu, kwetu ni umbo lolote la mfano wa kiumbe, liwe la mti, jiwe au shaba.

Sanamu ya shaba huanza kwa kufinyanga. Msanii hupima uso kwa bikari, sikio hadi sikio, paji hadi kidevu, kisha hubandika udongo juu ya kiunzi cha waya, akiongeza na kupunguza kwa vidole. Umbo likikamilika, hulitolea kalibu ya plasta na kupata mfano wa nta. Nta huzungushiwa kalibu nyingine, ikayeyushwa itoke, na shaba ya moto ikamiminwa mahali pake. Huko ndiko kusubu. Ile sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ilisubiwa Uingereza. Tuseme basi: mpingo huchongwa, udongo hufinyangwa, shaba husubiwa. Kila mkono upewe jina la kazi yake.