Muktanand Swami: Aliyeacha Kiti, Wimbo Ukabaki

Katika mahekalu ya Swaminarayan ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, waumini huimba arati moja ileile huku taa za samli zikizungushwa mbele ya sanamu. Wimbo huo ulitungwa mwaka 1802 huko Kathiawar, Gujarat. Mtunzi wake, Muktanand Swami, alikuwa sadhu, yaani mtawa aliyeacha mali, ndoa na jamaa.

Alizaliwa mwaka 1758 kijijini Amrapar, akaitwa Mukunddas. Utawa aliutamani mapema, ila nyumbani walimzuia. Mapokeo yanasema alijitia wazimu mpaka ndugu wakamchoka, ndipo akapata upenyo wa kuondoka. Baada ya kuhangaika akitafuta mwalimu wa kweli, alimpata Ramanand Swami, ambaye baadaye alimkabidhi makao ya watawa ya Loj. Kwa umri, elimu na heshima, yeye ndiye aliyeelekea kuwa mrithi.

Agosti 1799 akafika Loj kijana wa miaka 18, Nilkanth, amekondeana baada ya kuizunguka India kwa miguu kwa takriban miaka saba. Muktanand alimkaribisha. Mwaka 1801, mjini Jetpur, Ramanand alimkabidhi uongozi kijana huyo, ambaye sasa aliitwa Sahajanand, na mwezi uliofuata mwalimu akafariki. Muktanand, aliyemzidi kiongozi mpya kwa miaka 23, alitii. Lakini wafuasi walipoanza kumtukuza Sahajanand kama Mungu, mzee alisita. Jumuiya nzima ingeweza kupasuka hapo. Kwa mujibu wa mapokeo, Ramanand alimtokea kijijini Kalvani akamwondolea shaka. Muktanand akarudi, akamtawaza kijana mbele ya watu na kuimba arati aliyoitunga kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo mamlaka yake yakawa katika sauti na kalamu. Alitunga bhajani nyingi, yaani nyimbo za ibada, akawa mmoja wa waliokusanya Vachanamrut, kitabu cha mazungumzo ya Sahajanand, ambaye wafuasi humwita Swaminarayan. Watawa wenzake walimheshimu kama mama wa jumuiya. Alifariki Gadhada mwaka 1830, wiki chache tu baada ya kiongozi wake.

Karne iliyofuata wimbo ulivuka bahari pamoja na wafanyabiashara, makarani na mafundi wa Kigujarati waliohamia Afrika Mashariki. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj, kiongozi wa kiroho wa tawi moja la Swaminarayan, alizuru huku na kuweka wakfu hekalu la Mombasa. Mwaka 1999 mrithi wake, Pramukh Swami, akafungua hekalu la mawe ya kuchongwa jijini Nairobi.

Uongozi ambao Muktanand aliuachilia haukubaki mmoja. Swaminarayan mwenyewe aliugawa kati ya Ahmedabad na Vadtal, na mwaka 1907 mtawa Shastriji Maharaj akaanzisha tawi la BAPS kule Bochasan. Matawi haya hubishana juu ya nani mrithi halali, na Afrika Mashariki kuna mahekalu ya matawi tofauti. Hata hivyo waumini wa matawi yote huimba arati ya Kalvani. Mtu aliyekubali kukikosa kiti ndiye aliyewaachia urithi ambao hakuna tawi lililoukataa.