Pambanuo: Neno kwa Mafumbo ya Bongard

Mwaka 1967 mwanataaluma wa Kisovieti, Mikhail Bongard, alitoa mjini Moscow kitabu juu ya tatizo la utambuzi, yaani jinsi mashine iwezavyo kufundishwa kujua kile ilichowekewa mbele yake. Na mwishoni mwa kitabu hicho akatia mafumbo 100 ya michoro, ambayo ndiyo yaliyolidumisha jina lake baada ya kufariki kwake mwaka 1971.

Kila fumbo lina miraba 12, sita mkono wa kushoto na sita mkono wa kuume, na ndani ya miraba mna maumbo ya wino mweusi. Swali halikuandikwa. Mtazamaji hutakiwa aizue mwenyewe kanuni ambayo miraba yote ya kushoto inaitii, ilhali ya kuume yote inaiasi. Fumbo la pili ni jepesi: makubwa huku, madogo kule. La tatu latenga maumbo matupu na yaliyojazwa wino. La nne lina taabu kidogo, na siku moja nilimchorea mjukuu wangu kwa chaki sakafuni, nikangoja. Alitazama kitambo, akasema, “Babu, ya vyumba hivi mazima, ya vile yameumwa na panya.” Mwanahesabu angesema kwamba maumbo ya kuume yana ubonde ukingoni na ya kushoto hayana, walakini sidhani kama angesema zaidi ya alivyosema mtoto yule.

Basi tuyaiteje? Kitendawili hakifai, kwa sababu kitendawili hutegwa kwa ulimi na jibu lake analo mtegaji. Chemshabongo linavutia kwa kuwa linakaribiana mno na jina la Bongard, na hiyo ndiyo hoja pekee niliyoisikia ya kulitetea. Lakini hilo ni jina la kila mchezo wa akili, na istilahi inayoenea kila mahali haina makao. Wengine husema fumbo la utambuzi, wakifuata jina la kitabu, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Mtu humtambua nduguye kwa mbali, hata akiwa peke yake njiani. Lakini hakuna awezaye kupambanua kitu kimoja. Lichukue fumbo la sita, uufunike upande wa kuume kwa kiganja. Waona pembetatu sita. Je, kanuni ni pembetatu? Huenda ni mistari iliyonyooka, huenda ni kuwa na pembe, huenda ni kufungika pande zote. Yote ni kweli, na hakuna linaloshinda. Ondoa kiganja, zidhihirike pembenne sita, nazo pia zina mistari iliyonyooka, zina pembe, zimefungika: papo hapo dhana hizo zote zaanguka, ikabaki hesabu ya pembe. Lau upande huo ungalikuwa na duara, kuwa na pembe kungalitosha kuwa jibu, bila ya mstari mmoja wa kushoto kubadilika. Maana ya upande mmoja imewekwa rehani kwa upande wa pili.

Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hili kabla ya Bongard kuzaliwa. Vitu vilivyokutana na kushikana hupambana. Kile kiambishi kinachogeuza funga kuwa fungua ndicho kinachogeuza pambana kuwa pambanua, yaani kuvinasua vilivyoshikana, kila kimoja kikae kwake. Kwa minajili hiyo napendekeza fumbo la pambanuo, na kanuni yake iitwe kanuni ya pambanuo.

Mmarekani Douglas Hofstadter aliyaeleza mafumbo haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1979, Gödel, Escher, Bach, na mwanafunzi wake, Harry Foundalis, akaunda programu aliyoiita Phaeaco, akaitolea tasnifu mwaka 2006; nayo iliweza kufumbua baadhi tu. Ugumu wa mashine haukuwa katika kuona mstari, bali katika kuchagua, miongoni mwa mambo mengi yaonekanayo, lipi la kusemwa. Hiyo nayo ni kazi ya mpambanuzi, na neno laifuata mashine bila ya kulazimishwa.

Ama miraba ile, nilifikiri niiite masanduku, kisha fremu, nikayaacha yote mawili. Mjukuu wangu aliiita vyumba, na sijapata lililo bora.