Romani ya mwezi moja inaanzaka mbele ya mwezi

Mwezi wa kumi na moja unakaribia, na kati yetu kuna wale wameanza kusema: "Mwaka huu naandika romani, siku 30 tu." Ni vizuri. Mimi pia niko mu ile hesabu. Lakini juu nilisoma historia, nimejiuliza kwanza swali moja: wale walioandika kitabu kweli mu mwezi moja, walifanya nini mbele ya ule mwezi?

Desturi yenyewe si ya zamani. Ilianza San Francisco, Marekani, mu mwezi wa saba 1999. Chris Baty alikusanya watu 21, wakajipatia mwezi moja wa kuandika romani ya maneno 50.000. Mwaka uliofuata waliihamisha mu mwezi wa kumi na moja, na kisha ikaenea mu inchi nyingi. Chama kilichoisimamia kilitangaza mu 2025 kwamba kinafunga, lakini watu hawahitaji chama juu ya kushika kalamu. Sheria ya mwanzo ilikuwa hivi: mbele ya siku ya kwanza usiandike hata mustari moja wa hadithi yenyewe. Lakini mupango, majina ya watu, habari ulizokusanya, hizo zote ruhusa. Wengi wanakamataka ile sehemu ya kwanza na kusahau ya pili.

Sasa turudi nyuma zaidi, Saint-Pétersbourg, mu Urusi. Mu 1864 Fiodor Dostoïevski alifiwa na bibi yake, kisha na kaka yake Mikhaïl, na akabeba madeni ya kaka. Mwaka wa 1865 alikubali mukataba mubaya na Stellovski, mutu wa kuchapa vitabu: atapokea rubli 3.000, na atatoa romani mupya mbele ya tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1866. Asipotoa, Stellovski atachapa vitabu vyake vyote miaka tisa bila kumulipa kitu. Mwezi wa kumi ulifika, na hakukuwa hata ukurasa moja, juu alikuwa anaandika kitabu kingine, *Uhalifu na Azabu*. Marafiki walimwambia: tugawane, kila mutu aandike sehemu yake. Alikataa kutia jina lake ku kazi ya wengine. Ndipo wakamutafutia binti wa miaka 20, Anna Snitkina, aliyejua kuandika haraka kwa alama yale mutu anayosema. Alifika tarehe 4. Dostoïevski alisema, Anna aliandika, kisha akirudi kwao alinakili safi. Kwa siku 26 kitabu kikaisha: *Mucheza Kamari*. Stellovski hakupatikana ku kipokeo, basi Dostoïevski akaacha kitabu ku polisi na kupata karatasi ya kushuhudia tarehe. Mu mwezi wa pili 1867 alimuoa Anna.

Watu wanapendaka kusimulia hizi siku 26 kama muujiza. Lakini kuna barua ya 1863, aliyoandikia rafiki yake Strakhov kutoka Roma. Mu ile barua hadithi iko tayari: Murusi anayeishi inchi za ugeni, nguvu zake zote zimeishia ku meza ya kamari. Na meza za kamari alizijua kwa hasara yake mwenyewe. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni miaka mitatu na siku 26. Mwezi ulikuwa mavuno. Shamba lililimwa zamani.

Mufano wa pili uko karibu na siku zetu. Mu 1987, London, Kazuo Ishiguro na bibi yake Lorna walipatana kwamba kwa wiki nne mwanaume hatafanya kitu kingine: kuandika toka saa tatu asubuhi mpaka saa ine na nusu usiku, siku sita kwa wiki, bila barua wala simu. Lorna akabeba mapishi na kazi zote za nyumba. Hapo ndipo sehemu kubwa ya *The Remains of the Day* ilizaliwa, kitabu kilichopata tuzo ya Booker mu 1989. Lakini mbele ya zile wiki nne, Ishiguro alikuwa ameshasoma vitabu juu ya watumishi wa nyumba za matajiri wa Uingereza na juu ya siasa ya wakati ule. Alijua mutumishi wake ni nani, na ni nini kilimupita mu maisha.

Nimeshikilia huu mufano juu romani ninayopanga ni ya boyi wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Na hapa historia inatuharakisha. Mutu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa uhuru, mu 1960, leo amepita 80. Mwezi wa kumi na moja hauna nafasi ya kutafuta wazee. Kazi hiyo ni ya sasa: kwenda, kukaa, kuuliza mushahara ulikuwa ngapi, chakula kililiwa wapi, muzungu alimwita kwa jina gani. Mu 1965 André Yav aliandika historia ya ule muji mu Kiswahili chetu, kwa chama cha wazee waliofanya kazi ya boyi. Waliona kwamba wasipoandika wao, mambo yao yatazikwa nao.

Na hiyo kazi ya Yav inanisaidia kuamua luga: wazee wangu watasema Kiswahili cha Lubumbashi, siyo cha Dar es Salaam. Kuamua hivyo ni sehemu ya mupango. Hata hesabu inabadilika: "hawakunipatia" ni neno moja, wakati Kifaransa kinahitaji matano ao zaidi. Maneno 50.000, ndiyo 1.667 kila siku, ni mugomo muzito zaidi kwetu. Mimi nitahesabu kurasa.

Neno la mwisho ni la nyumbani. Ishiguro alikuwa na Lorna, Dostoïevski alikuwa na Anna. Je, dada yetu anayetaka kuandika, nani atachota maji, nani atapika, nani ataangalia watoto saa mbili kila magaribi? Mupango usiojibu hilo utavunjika wiki ya kwanza, hata kama hadithi ni nzuri namna gani. Lizungumzeni nyumbani mapema, kama vile Ishiguro na bibi yake walivyopatana.

Basi mbele ya tarehe 1, mimi nataka vitu vinne ku karatasi: mutu wangu ni nani na anaweza kupoteza nini, hadithi inaishia wapi, yale wazee waliniambia, na saa ambazo watu wa nyumba wamekubali. Mwenye kuwa na babu aliyefanya kazi ya boyi, asingoje mwezi wa kumi na moja. Aende kumusalimia wiki hii.