Ukingo wa mkanda unaong'aa ulikuwa ishu ya uhai
Wadau, cheki ukingo wa mkanda wako. Karne ya 19 kule Walsall, Uingereza, mafundi wa matandiko ya farasi, ambao wengi majina yao hata hayajulikani, walilowesha ukingo kidogo, wakausugua kwa kipande cha mti mpaka upate moto na nyuzi za ngozi zilale, kisha nta ya nyuki. Kazi ya kuchosha balaa! Ila ukingo ukiachwa wazi unakunywa jasho na mvua, na hatamu ikikatika farasi akiwa mbioni, aliyempanda kwishnei.

Mwaka 1884 Augustus Schultz akapata hataza Marekani ya kutengeneza ngozi kwa kromu badala ya magome ya miti. Fasta kweli, lakini ngozi hiyo ukiisugua haing'ai vizuri. Ndo maana mikoba mingi ya leo kingo zake zinapakwa rangi tu, ile inayobandukaga kama maganda.