Gari la MG: Kwa Nini Springi Ngumu si Dawa ya Kila Ugonjwa

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu, fuateni maneno haya kwa kidole huku mkisikiliza. Nawe ndugu unayesoma peke yako nyumbani, soma kwa sauti na polepole. Hakuna anayekukimbiza.

Leo tutajifunza habari za gari dogo la Uingereza liitwalo MG. Ni gari la watu wawili, la chini, lililotengenezwa kwa ajili ya furaha ya kuendesha. Huenda hujapata kuliona. Si kitu. Tumelichagua kwa sababu historia yake inafundisha jambo linalomhusu kila apandaye gari, liwe basi au lori.

Jambo lenyewe ni hili. Gari kurusha watu ni ugonjwa mmoja. Gari kukataa kutii usukani ni ugonjwa mwingine. Watu wengi huyachanganya magonjwa haya mawili. Anayeyachanganya hutibu mmoja na kuuzidisha wa pili, na hasara yake huweza kuwa roho ya mtu.

Vyombo vitatu

Kwanza tuvielewe vyombo vitatu vilivyo chini ya gari.

Chombo cha kwanza ni springi. Gurudumu likipanda jiwe, springi hujikunja na kulipokea pigo, ili pigo lisifike lote kwa abiria. Ziko springi za bapa, yaani mabapa marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama unavyoyaona chini ya lori. Tena ziko springi za kusokotwa, zilizo kama waya mnene uliozungushwa mara nyingi.

Chombo cha pili ni shokapu. Springi ikijikunja hutaka kurudi, na ikirudi hutaka kwenda tena. Bila shokapu gari lingeruka-ruka kama mpira. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika tundu dogo. Mafuta hayo hupita kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayoituliza springi.

Chombo cha tatu ni nondo ya kuzuia gari lisilale. Nondo hii huunganisha upande wa kushoto na upande wa kulia. Gari likiingia kwenye kona na kuanza kulalia upande mmoja, nondo hujipinda na kulivuta lisimame. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo haifanyi kitu. Basi kumbuka hili: nondo hupunguza kulala kwa gari, wala hatulazimiki kuzifanya springi zenyewe kuwa ngumu.

Mwanzo wa MG

Katika mji wa Oxford, Uingereza, alikuwako Bwana William Morris, aliyeanza na kazi ya baiskeli na baadaye akawa mtengenezaji mkubwa wa magari. Gereji yake iliitwa Morris Garages, na herufi za kwanza za jina hilo ndizo M na G. Mwaka 1922 Bwana Cecil Kimber alifanywa msimamizi wa gereji hiyo. Aliyachukua magari ya kawaida ya Morris, akayavika bodi nyepesi na kuyaongezea mbio. Watu waliyapenda. Mwaka 1929 kazi ilihamia Abingdon, mji mdogo ulio kusini ya Oxford, na huko MG ilikaa kwa miaka 51.

Magari ya Kimber yalikuwa mepesi, lakini springi zake zilikuwa ngumu. Mbele palikuwa na ekseli moja kutoka gurudumu hili hadi lile, imefungwa kwenye springi za bapa. Na nyuma vivyo hivyo.

Utauliza, kwa nini mafundi wenye akili watengeneze gari la kuumiza mgongo? Haukuwa uzembe. Springi ya bapa ilikuwa na kazi mbili: kuubeba uzito wa gari, na kuishika ekseli isiende kombo. Ukiilegeza springi ili abiria astarehe, ekseli nayo hupata nafasi ya kucheza, na usukani hutetemeka mikononi mwa dereva. Mafundi waliona ni heri mgongo uume kuliko gari kutoka barabarani.

Kitendawili chafumbuliwa

Kitendawili hicho kilifumbuliwa kwa sehemu kubwa huko Marekani. Mhandisi mmoja Mwingereza, Bwana Maurice Olley, aliyekuwa amefanya kazi Rolls-Royce, aliingia kampuni ya Cadillac mwaka 1930. Yeye na wenzake walitengeneza gari la majaribio lenye vyuma vizito vilivyoweza kusogezwa mbele na nyuma. Wakabadili springi mara nyingi, wakalipanda gari wenyewe, na kupima kwa miili yao.

Waliona kwamba springi za mbele zikiwa laini kuliko za nyuma, gari hutulia. Haliinamishi kichwa na kuinua mkia kama mashua katika mawimbi. Lakini springi laini za mbele hazikupatana na ekseli moja, kwa sababu ile tuliyoisema. Basi wakaiondoa ekseli ya mbele. Kila gurudumu likapewa mikono yake na springi yake, likajitegemea. Springi ikabaki na kazi moja ya kubeba uzito, na mikono ikapewa kazi ya kulishika gurudumu. Cadillac za mwaka 1934 zilitoka kiwandani hivyo.

Tazama, ndugu msomaji, walivyofanya. Hawakuchagua kati ya starehe na utii wa usukani. Walizitenganisha kazi mbili, kila moja wakaipa chombo chake.

Kutoka TC hadi MGB

Habari hizo zilichukua muda kufika Abingdon. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kilitoa gari liitwalo MG TC. Lilikuwa zuri kutazama, lakini chini lilikuwa lile lile la zamani, lenye ekseli moja mbele na springi ngumu za bapa. Hadi mwaka 1949 yalitengenezwa kama 10,000, na kama 2,000 kati yake yalikwenda Marekani. Wenyewe walivumilia kurushwa, kwa maana gari lilikuwa jepesi na lenye kuchangamsha. Hata wengine wakaanza kuamini kwamba ugumu ndio uhodari wenyewe, na kwamba gari lisiloumiza si gari la mbio.

Mwaka 1950 likafuata MG TD. Hili lilikuwa na magurudumu ya mbele yenye kujitegemea, kila moja na springi yake ya kusokotwa. Wapo waliolikejeli kwa sababu magurudumu yake hayakuwa ya waya kama ya TC. Lakini lilikuwa laini zaidi kuliko TC, na papo hapo likashika barabara vizuri zaidi. Hadi mwaka 1953 yalitengenezwa karibu 30,000, na mengi yalivuka bahari kwenda Marekani. Hapo imani ya kwamba ugumu ndio uhodari ilipata jibu lake.

Kisha likaja MGA mwaka 1955, na MGB mwaka 1962. MGB lilikuwa na springi za kusokotwa mbele na springi za bapa nyuma. Kila kitu kilipimwa pamoja na mwenzake: urefu wa gari kutoka ardhini, springi, shokapu na nondo.

Sheria mpya na njia ya mkato

Sasa twafika mahali penye funzo kubwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani iliweka sheria juu ya bampa. Gari jipya lilipaswa kuvumilia kugongwa kwa mwendo wa maili 5 kwa saa bila taa zake na vyombo vyake vya usalama kuharibika. Tena bampa ilipaswa kulipokea pigo katika kimo kilichowekwa, kati ya inchi 16 na inchi 20 kutoka ardhini. Nia ilikuwa njema. Bampa za magari mawili zikikutana, hazipiti moja chini ya nyingine.

MGB lilikuwa gari la chini, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani. Kiwanda wakati huo kilikuwa chini ya kampuni ya British Leyland, iliyoundwa mwaka 1968. Mwishoni mwa mwaka 1974 MGB lilipewa bampa kubwa nyeusi za mpira mgumu. Kulibuni gari upya kungegharimu fedha nyingi. Basi gari zima likainuliwa, inchi moja au zaidi kidogo, ili kimo kitoshe.

Inchi moja ni kitu gani? Jaribu mwenyewe. Beba ndoo ya maji mkononi, ukate kona kwa haraka. Kisha ibebe kichwani, ukate kona ile ile kwa mwendo ule ule. Utaona jinsi ndoo ya juu inavyotaka kukuangusha. Uzito ukipanda juu, gari hulala zaidi kwenye kona.

Wakati ule ule gari la wazi la MGB liliondolewa nondo ya mbele, ikawa kitu cha kununuliwa kwa fedha za ziada. Sheria haikuagiza nondo iondolewe. Huo ulikuwa uamuzi wa kampuni. Basi gari likainuliwa juu, na chombo cha kulizuia lisilale kikaondolewa. Gari lililosifiwa kwa kutii usukani likaanza kuyumba na kulala kwenye kona. Kwa magari ya mwaka 1977 kiwanda kilirudisha nondo ya mbele na kuongeza nyingine nyuma. Gari likawa na nafuu, ingawa lilibaki juu kuliko lilivyokuwa kabla ya bampa za mpira.

Mwezi wa Oktoba 1980 kiwanda cha Abingdon kilifungwa, na watu wakapoteza kazi. Tusiseme springi ndizo zilizokifunga. Kampuni ilikuwa na hasara nyingi, na thamani ya pauni mbele ya dola iliondoa faida ya kuuza Marekani. Hadi hapo MGB pamoja na ndugu yake MGB GT, lenye paa gumu, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 500,000.

Anayemiliki gari la zamani

Magari mengi kati ya hayo yangali yanatembea. Mwenye nalo akilalamika kwamba linamrusha na kuyumba, fundi mwema hakimbilii kununua springi ngumu. Huuliza kwanza ugonjwa ni upi.

Ikiwa gari linarusha watu, hutazama matairi. Mpira ukizeeka hukauka na kuwa mgumu, hata kama kashata zake bado nzima. Hupima upepo usizidi. Hutazama kutu kati ya mabapa ya springi, kwa sababu mabapa yasiyoweza kuteleza hayapindi vizuri. Hutazama kama springi zimechoka na kushuka, hata gari likawa linagonga vizuizi vya mpira. Gari la namna hiyo huonekana lina springi ngumu, kumbe springi zake zimekwisha!

Ikiwa gari halitii usukani, huangalia mafuta katika shokapu, bushi zilizolika, na viungo vya magurudumu ya mbele vinavyohitaji grisi. Springi ngumu haziponyi hata kimoja kati ya hivi. Huficha ugonjwa tu.

Funzo letu

Hapa Afrika Mashariki tunaona malori yakiongezwa mabapa ya springi ili yabebe mzigo zaidi, na magari yakiinuliwa ili yapite kwenye makorongo. Anayeinua ana haja yake, wala hatumcheki. Lakini akumbuke MGB ya mwaka 1974. Aliyeliinua gari amebadilisha pia namna litakavyopita kwenye kona. Aliyeongeza springi bila kutazama shokapu na breki amefanya nusu ya kazi, na abiria hawaijui nusu iliyobaki.

Waliofaulu katika historia hii ni wale waliouliza kila chombo kina kazi gani, kisha wakapima matokeo. Waliokosea walitazama kimo cha bampa peke yake. Nawe ukipeleka gari gereji, usimwambie fundi, "Niwekee springi ngumu." Mwambie gari linafanya nini, wapi, na katika mwendo gani. Kisha mwulize: ukibadilisha hiki, ni kipi kingine kitakachoguswa?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Springi ina kazi gani, na shokapu ina kazi gani?
2. Kwa nini magari ya kwanza ya MG yalikuwa na springi ngumu?
3. Bwana Olley na wenzake walizitenganisha kazi gani mbili?
4. Kiwanda kilifanya mambo gani mawili mwaka 1974 yaliyolifanya MGB lilale kwenye kona?
5. Je, mmewahi kuona gari, nyumba au chombo kingine kilichobadilishwa sehemu moja kikaharibika sehemu nyingine? Elezeni.

Kwaherini, hadi somo lijalo.