Munnar

Munnar ni mji wa milimani katika wilaya ya Idukki, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Uko katika milima ya Ghats ya Magharibi, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kiasi cha kilomita 130 kwa barabara kutoka Kochi. Karibu nao umesimama Anamudi, wenye mita 2,695, mlima mrefu kuliko yote ya kusini mwa India. Wageni humiminika hapa kufuata ubaridi, ukungu na vilima vya kijani, na mara nyingi mji husifiwa kuwa ni zawadi ya maumbile. Sifa hiyo inapotosha. Kijani cha Munnar kimetengenezwa, na hudumu kwa kazi ya mikono ya kila siku. Anayezuru bila kulijua hilo ameyatazama mazingira ya kazi ya watu akadhani ni pori.

Mmea wenyewe unatosha kuwa ushahidi. Mchai ukiachwa bila kupogolewa huwa mti. Hapa unabaki kimo cha kiuno kwa sababu hukatwa kila baada ya miaka michache, na vichipukizi vyake huchumwa bila kupumzishwa. Zile njia nyembamba zinazopendeza katika picha ni mapito ya wachumaji. Mikaratusi ilipandwa ipatikane kuni za kukaushia majani, na migrivilea itie kivuli. Kabla ya hapo miinuko ilikuwa ya nyasi, na misitu mifupi iitwayo shola ikijificha mabondeni. Wenyeji wake walikuwa Wamuthuvan. Mwaka 1877 Mwingereza John Daniel Munro alikodishiwa vilima vya Kannan Devan na ukoo wa kifalme wa Poonjar, na mwaka 1880 A. H. Sharp akapanda chai. Mwaka 1897 ikaundwa kampuni ya Kanan Devan Hills Produce, mkono wa James Finlay ya Uskoti, ambayo katika miaka ya 1920 ilifungua mashamba ya chai Kericho pia, nchini Kenya. Vibarua waliletwa kutoka nyanda za Watamil, wengi wao Wadalit, yaani watu wa matabaka yaliyobaguliwa, na hadi leo sehemu kubwa ya wachumaji ni vizazi vyao, wanaozungumza Kitamil ndani ya jimbo la Kimalayalam.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba hiyo ni historia ya ukoloni iliyokwisha, kwani mwaka 2005 mashamba mengi ya Tata Tea, kampuni ya India iliyochukua nafasi ya Finlay, yalihamishiwa Kannan Devan Hills Plantations, kampuni ambayo wafanyakazi wenyewe ni wanahisa wake. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, na ni haki kuitaja. Lakini ni katika kampuni hiyohiyo, Septemba 2015, maelfu ya wachumaji wanawake walipogoma baada ya bonasi kushushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Waliziba barabara, wakawakataa hata viongozi wa vyama vya wafanyakazi, ambao walikuwa wanaume, na kujiita Pembilai Orumai, yaani umoja wa wanawake. Walidai pia mshahara wa siku upande kutoka rupia 232 hadi 500. Bonasi pamoja na malipo ya ziada vilifikishwa asilimia 20. Mshahara uliishia rupia 301. Mwenye hisa asiyekuwa na sauti juu ya ujira wake bado ni kibarua, na wanawake hao waliliona hilo mapema kuliko wachambuzi wengi.

Jambo la makazi ni zito zaidi. Sheria ya mashamba makubwa ya mwaka 1951 ilimtaka mwajiri ampatie mfanyakazi nyumba, na kwa desturi nyumba hiyo ni layam, vyumba vilivyounganishwa safu moja. Kinachoonekana kuwa fadhila ni kifungo pia, kwa sababu nyumba hufuata ajira: anayestaafu huhama, isipokuwa mtoto wake akirithi kazi. Usiku wa Agosti 6, 2020, baada ya mvua kubwa mno, maporomoko ya ardhi yalifunika layam za Pettimudi, karibu na Munnar, na kuua watu 70. Mvua haikuchagua, lakini watu wale hawakuwa na mahali pengine pa kulala.

Pingamizi la pili lina nguvu: wenye mashamba waliokoa wanyama. Kweli, nyasi za Eravikulam, jirani na mji, hazikulimwa kwa sababu walizitunza kwa ajili ya uwindaji wao, wakiwatumia Wamuthuvan kama walinzi. Serikali ilizitangaza kuwa hifadhi mwaka 1975, kisha mbuga ya taifa mwaka 1978. Mbuzi-mwitu wa Nilgiri bado wapo, na ua la neelakurinji huchanua kila baada ya miaka 12, kama mwaka 2018. Ila hili linaithibitisha hoja ileile, kwa maana hata pori la Munnar lipo kwa uamuzi wa watu. Kwa kawaida mbuga hufungwa Februari na Machi ili mbuzi wazae bila kusumbuliwa. Mchumaji hana msimu kama huo. Yeye hulipwa nyongeza kwa kilo anazozidisha juu ya kiwango cha siku, kwa hiyo mgeni anayemsimamisha kwa picha anakula muda wa ujira wake. Anayejali ataomba kwanza, na atapokea kukataliwa bila kinyongo.